Kalamu Nyekundu na Utenzi wa Ras Mkumbi

Imekuwa desturi katika vyumba vyetu vya kufundishia, na katika kurasa za majarida yetu pia, kwamba mtu atakaye kuuchambua utenzi wa dini huanza kwa kuhesabu. Hushika kalamu, hutia nukta juu ya kila silabi, na akifika nane moyo wake hutulia. Akifika saba au tisa huandika pembeni neno moja fupi: guni. Kisha huvitazama vina kwa jicho lile lile, na penye herufi isiyofanana na mwenzake hutia alama ya pili. Akimaliza hujumlisha makosa, na jumla hiyo huitwa uchambuzi wa arudhi. Desturi hiyo nimeifuata miaka mingi, nimeifundisha, na nimewatahini watu kwayo. Leo nakusudia kuipinga, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msomaji asije akadhani nawanyoshea wenzangu kidole hali mimi nimesalimika.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa kaskazini ya kisiwa cha Mafia, aliniletea utenzi alioupokea kwa bibi yake. Ulikuwa utenzi wa kutawafu kwa Mtume, habari ambayo washairi wetu wameitunga mara nyingi. Wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga ulichapishwa mwaka 1956, na wanafunzi wetu wanaujua. Huu haukuchapishwa popote. Mwanafunzi aliunakili kwa herufi za Kirumi katika daftari la shule, akaandika na maelezo yake chini. Mimi niliupitia kwa kalamu nyekundu jioni moja, nikaona vipande zaidi ya arubaini vilivyopungua au kuzidi mizani. Niliandika kwamba mtunzi hakuijua sheria, na kwamba mwanafunzi naye hakuligundua hilo, nikampa alama za chini.

Siku ya pili alikuja ofisini. Aliamkia, akaweka daftari mezani, akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa niusome."

"Nimekwisha kuusoma," nikamjibu.

"Umeusoma kwa macho, Mwalimu."

Nilitaka kukasirika, lakini maneno yake yalikuwa ya adabu na sauti yake ilikuwa ya chini, basi nikamruhusu. Akausoma kwa mahadhi aliyofunzwa nyumbani. Nilikuwa nimeishika kalamu, nikiifuata karatasi kipande kwa kipande, nikingoja pale pa kwanza nilipopatia alama. Pakapita. Pa pili pakapita. Sikusikia sauti yake ikikimbia wala ikingoja. Kila kipande kilianguka mahali pake kama jahazi linalofunga gati bila ya kugonga. Alipomaliza ubeti wa thelathini niliiweka kalamu mezani.

Likizo ilipowadia nilivuka bahari kwenda Mafia. Ras Mkumbi ni ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa hicho. Upo hapo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kijiji kilicho karibu nao ni Bweni. Sikwenda kutazama mnara. Nilikwenda kumsikiliza mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye husomesha tenzi katika khitma na katika mwezi wa Ramadhani, na ambaye bibi wa mwanafunzi wangu alikuwa akimwita kaka. Nilikaribishwa ukumbini juu ya mkeka, nikaletewa dafu, nikaulizwa habari za ukoo wangu kabla ya kuulizwa shida yangu. Nilipoitaja shida yangu, mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba alikuwa na kitabu cha utenzi huo kwa hati ya Kiarabu, na kwamba zamani alikuja msomi kama mimi, akakiazima. Kitabu kilirudi baada ya miaka miwili, na pamoja nacho zikaja kurasa zilizopigwa chapa, zilizosafishwa. Vijana wa pale wasiosoma hati ya Kiarabu walizifurahia kurasa hizo, wakaanza kusomea hizo katika hadhara. "Na tangu siku hizo, mwanangu," akasema, "wanajikwaa."

Neno hilo ndilo shabaha ya makala haya. Wanajikwaa wapi? Nami niliketi siku tatu nikizilinganisha kurasa zile na sauti ya mzee, nikaona kwamba wanajikwaa pale pale palipotengenezwa. Sitanukulu utenzi wenyewe, kwa kuwa mwenyewe hakuniruhusu kuutoa nje, na baada ya yaliyompata simlaumu. Badala yake nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya mfano. Si ubeti wa kujivunia, lakini umebeba magonjwa yote ambayo madaktari wa kalamu hudai kuyatibu:

Sultani wa mbinguni,
Uliye Mola Manani,
Tulinde tulo chomboni,
Dunia pia na akhera.

Hesabu kwa kalamu. Kipande cha kwanza: sul-ta-ni-wa-mbi-ngu-ni, mizani saba. Cha pili nane. Cha tatu nane. Cha nne: du-ni-a-pi-a-na-a-khe-ra, mizani tisa. Basi katika vipande vinne viwili vina makosa, na mtunzi ni wa kusikitikiwa. Sasa usome kwa mahadhi. Ulimi wa Kiswahili haupendi konsonanti iliyokaa peke yake katikati ya neno pasipo irabu. Katika kuimba, ile *l* ya *Sultani* hupewa kivuli cha irabu, au hukaliwa kwa muda wa pigo zima: su-lu-ta-ni. Kipande kimetimia nane. Na katika kipande cha nne, *na* na *akhera* zinakutana irabu kwa irabu, *a* mbili zinakuwa moja: du-ni-a-pi-a-na-khe-ra. Nacho kimetimia nane. Mtunzi hakukosea, aliandika maneno mazima kwa heshima ya maneno, akamwachia msomaji kazi ya msomaji.

Atazame msomaji lifanywalo na mtengenezaji. Kwa kuwa kipande cha kwanza kina saba, ataongeza neno: "Sultani wetu mbinguni." Karatasini ni nane kamili, na yeye ameridhika. Katika kinywa cha Bweni ni tisa, kwa kuwa *sulutani* haikuacha kuwa *sulutani* kwa sababu mhariri amepita. Na kipande cha nne atakipunguza: "Duniani na akhera." Hapa pia karatasi inasema nane, du-ni-a-ni-na-a-khe-ra, lakini msomaji aliyezoea kuunganisha irabu atajikuta na saba mkononi, asijue avute wapi. Hivyo vipande viwili vilivyokuwa vizima vimefanywa vilema kwa jina la tiba, na kijana anayesomea karatasi mbele ya watu anajikwaa, na watu wanadhani ni yeye asiyejua kusoma.

Sisemi kwamba *Sultani* ni mizani nne daima. Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo penye utamu pia. Maneno mengi ya dini yaliyotoka katika Kiarabu yana vipimo viwili, na mshairi huchukua kinachomfaa: *Islamu* huwa tatu au nne, *Rahmani* tatu au nne, *Ibrahimu* nne au tano. Hata *dunia*, ambayo kwa kawaida ni tatu, yawezekana kubanwa ikawa mbili. Mtu asiyesikia mahadhi hana njia ya kujua ni kipimo gani kilichokusudiwa. Naye badala ya kukiri kwamba hajui, huhukumu.

Kuna na jambo la lahaja, ambalo kwa Mafia si dogo. Kisiwa hiki kimepokea watu kutoka kaskazini ya pwani kwa karne nyingi, Wagunya miongoni mwao, na tenzi zilisafiri pamoja na watu na majahazi. Utenzi uliotungwa kwa ulimi wa Lamu au Pate ukinakiliwa kusini hubadilishwa maneno, mara na mnakili asiyejitambua, mara na mhariri ajitambuaye mno. Kaskazini husemwa *moya*, mizani mbili. Kusini *mmoja*, mizani tatu. Badilisha neno hilo tu, bila kugusa jingine, na kipande kimezidi. Husemwa *Muungu*, tatu. Andika *Mungu*, mbili, na kipande kimepungua. Ama katika vina, msiba ni mkubwa zaidi. Mtunzi wa kaskazini ametia vina vya *mato* na *moto*, vikalingana vizuri. Mhariri ameandika *macho* na *moto*, kisha akaweka alama kwamba vina havilingani. Ametia *kuya* na *haya*. Amepewa *kuja* na *haya*. Nimeyaona haya katika kurasa zile zilizorudi Bweni, na naungama kwamba nimeyaona pia katika matoleo yaliyochapishwa ambayo tunayaweka mikononi mwa wanafunzi bila ya onyo lolote.

Katika habari ya vina nataka kukaa kidogo zaidi, kwa kuwa hapa tunafundisha nusu ya jambo. Tunasema kina ni silabi ya mwisho, na katika utenzi vipande vitatu vya kwanza hulingana, na kipande cha nne hubeba kina kinachorudi toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, ndicho kiitwacho bahari. Hiyo ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Basi kina chetu hukaa mahali padhaifu pa neno. Mtu akisoma kimyakimya, au kwa sauti ya mazungumzo, kina hufifia, na ndiyo maana wanafunzi hulalamika kwamba utenzi mrefu wenye bahari ya *-a* unawachosha. Lakini msomaji wa Ras Mkumbi haifanyi silabi ya mwisho kuwa dhaifu. Anaivuta, katika kipande cha nne anaivuta zaidi, na waliokaa wanaitikia juu yake. Bahari ikarudi mara mia mbili, na kila ikirudi watu wamo ndani yake. Mtu aliyeupata utenzi kwa macho tu atajuaje kazi ya kina hicho?

Tena ipo hati. Waandishi wa zamani walitumia hati ya Kiarabu kwa alama zake tatu za irabu, hata *e* na *i* zikawa na alama moja, na *o* na *u* alama moja. *Mb* mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya *b* peke yake, na *p* pia iliweza kuandikwa kwa herufi hiyo hiyo. Kwa hiyo *kuomba* na *haba* mbele ya macho ya mwandishi zilikuwa na kina kimoja, hakuna shaka. Nasi tukiziandika kwa herufi za Kirumi tunaziona mbili, tunapiga mstari. Nilimwuliza mzee kama sikio lake halisumbuki na vina vya namna hiyo. Akacheka, akasema sikio husumbuka kidogo, lakini hati ilikuwako kabla ya sikio lake, na hakuona sababu ya kugombana na waliomtangulia. Jibu hilo silikubali lote. Naona vina vya namna hiyo ni vyembamba, na mtunzi hodari huviepuka. Walakini wembamba si uhalifu, na mchambuzi asiyejua ilikotoka tofauti hana haki ya kutoa hukumu juu yake.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba sheria zipo, nazo si za wageni. Zimeandikwa na Mwafrika na mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotoka mwaka 1954. Kitabu hicho nakiheshimu, na wanafunzi wangu wote wamekisoma. Lakini tukiweke katika zama zake. Tangu mwaka 1923, gazeti la *Mambo Leo* lilikuwa likipokea mashairi kutoka kila upande wa Tanganyika, kwa watu waliolelewa na ushairi na kwa watu waliouonja jana. Shairi la gazetini husomwa kwa macho na mtu asiyemjua mtunzi wala mahadhi yake. Lazima liwe na kipimo ambacho jicho linaweza kukihakiki. Kwa kazi hiyo sheria ya nane kwa nane ni sheria njema, na bila hiyo wahariri wangalipata taabu kubwa. Kosa si la Sheikh Amri. Kosa ni letu tulioitwaa sheria iliyomfaa mtunzi wa gazeti, tukaipeleka nyuma kwenda kumhukumu mtunzi aliyetunga kwa ajili ya hadhara ya khitma.

Wengine watanijia kwa upande wa pili, waseme kwamba mizani na vina vyote ni minyororo ya Waarabu, na kugombana juu ya silabi ni kugombana juu ya pingu. Mabishano hayo tuliyamaliza, au tulichoka nayo, tangu zama zile ambapo *Kichomi* cha Kezilahabi kilitoka, mwaka 1974, na sina hamu ya kuyafufua. Nitasema jambo moja tu. Arudhi ya Kiarabu aliyoipanga Khalil bin Ahmad al-Farahidi katika karne ya nane husimama juu ya silabi ndefu na fupi. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kasida ya al-Busiri iitwayo *Hamziya* imetungwa katika bahari ya *khafifu*. Aidarusi bin Athumani alipoitia katika Kiswahili hakuweza kuichukua *khafifu* hiyo, akatunga kwa mshororo wetu mrefu wa kawafi, wenye mizani kumi na tano iliyogawanyika sita, nne na tano. Mpango wa vina vya utenzi una ndugu zake katika Kiarabu, hilo halikanushiki. Lakini pigo la mizani ni la kinywa chetu. Wanaoukataa kwa kuwa ni wa kigeni wameuchukua ule wa karatasini wakadhani ndio wenyewe, na katika jambo hilo hawatofautiani na wahesabuji wa nukta.

Kwa mfano wa *Al-Inkishafi* jambo hili linaonekana wazi. Kila mwanafunzi hujua kuandika kwamba mshororo wake una mizani kumi. Wachache hutaja kwamba baada ya mizani ya sita kuna kituo, na kwamba kituo hicho hufanya nne za mwisho zisikike kama jibu kwa sita za kwanza. Shairi linalomwita mtu auzinduke moyo wake limejengwa kwa wito na jibu, na sisi tunaandika "kumi" tukafungua ukurasa mwingine.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kilema ni uzuri. Katika kitabu kile cha Bweni mna mahali pawili ambapo mzee mwenyewe alisimama, akatikisa kichwa, akasema mnakili alisinzia. Guni ipo duniani. Nisemalo ni kwamba yeye alijua kuitambua kwa kusimama, wala si kwa kuhesabu, na kati ya mahali pale arubaini na zaidi nilipopatia wino mwekundu, pawili tu ndipo palipomsimamisha.

Marehemu J. W. T. Allen, aliyekusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakukusanya karatasi peke yake. Orodha ya makusanyo hayo, iliyochapishwa mwaka 1970, inataja miswada pamoja na kanda za sauti. Mtu huyo alikuwa mgeni wa lugha, akaona haja ya sauti. Wenye lugha tumezitumia karatasi zake kwa nusu karne na zaidi, na sijui ni tasnifu ngapi za arudhi ambazo watungaji wake wameomba kusikilizishwa kanda moja. Katika zile nilizozisimamia mimi, hapana hata moja.

Kwa hiyo naleta madai, na nayaleta kwa wenzangu wanaotahini kabla ya kuyaleta kwa wanafunzi. Asihukumiwe mtunzi yeyote wa utenzi wa dini kwa mizani ya kipande ambacho mchambuzi hajakisikia kikisomwa na mtu wa mahali pake. Anayehariri aandike neno kama alivyolikuta, na rai yake aiweke chini ya ukurasa, si ndani ya ubeti. Anayeazima kitabu cha mtu akirudishe mapema, na kama anarudisha na nakala yake, aandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni yake.

Mzee wa Bweni hakunipa kitabu, lakini alinipa sauti yake, na sasa vijana wawili wa pale wanausoma utenzi kwa kuisikiliza hiyo, zile kurasa zilizopigwa chapa wameziweka. Ama mwanafunzi wangu, niliandika barua kuomba alama zake zirekebishwe, nikaeleza kwamba kosa lilikuwa la mtahini. Ofisi inayohusika imenijibu kwa adabu kwamba muda wa marekebisho umepita.